Dakika Nne Mbele ya Nyumba ya Lavonne

Nyumba ya Lavonne Petersen ilikuwa na sheria tatu, na zote alizibandika mlangoni kwa maandishi makubwa, asije mtu akasema hakuziona. Ya kwanza, viatu vivuliwe. Ya pili, mtoto mgonjwa asiletwe. Ya tatu, mzazi aingie ndani kwa miguu yake mwenyewe, atie sahihi na kuandika saa, ndipo akabidhiwe mtoto wake. Hii ya tatu haikuwa ya Lavonne, ilikuwa ya jimbo. Mlezi haruhusiwi kuwaacha peke yao watoto aliopewa, hata kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo hawezi kumtoa mtoto mpaka kwenye gari. Mzazi ndiye amfuate.

Deanne Hruska aliifuata sheria hiyo miaka miwili bila kuifikiria. Aliifikiria siku moja tu, Alhamisi ya mwezi wa Kumi, saa nane na nusu mchana, alipoegesha gari mbele ya nyumba ile na kugeuka kumtazama Emmett. Mtoto alikuwa na miezi mitano na alikuwa anaota meno. Kwa siku tatu hakuwa amelala zaidi ya nusu saa mfululizo, na aliyekesha naye ni mama yake, ambaye saa kumi na mbili alfajiri alitakiwa awe kazini kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha watu wa miaka tisini. Sasa, njiani kutoka kwa bibi yake, Emmett alikuwa amelala. Mdomo wazi, vidole vimelegea. Deanne alijua kwamba kifungo cha mkanda wa kile kiti kikifyatuka tu, usingizi ndio umekwisha mpaka kesho.

Alishuka, akaurudisha mlango taratibu, akapanda ngazi za barazani na kumwita Lavonne kupitia mlango wa wavu.

"Lavonne, nisaidie leo. Nitolee Tessa hapa mlangoni. Huyu mdogo ndiyo kwanza amelala."

Lavonne alitokea na mtoto wa mtu kiunoni. Alikuwa mama wa miaka sitini, mpana, mwenye sauti ya kubembeleza aliyoizoea kazini mpaka akawa anaitumia kwa watu wazima pia. "Ningekutolea, mwanangu. Lakini wawili wako mezani wanakula na mmoja yuko chooni. Nikigeuka tu kuna atakayeanguka." Akachungulia garini. "Amelala kweli?"

"Fofofo."

"Basi mwache alale. Jua lenyewe la leo halina meno. Mimi namwona kutoka dirisha la jikoni. Ingia upesi utie sahihi."

Deanne alisita. Kutoka barazani hadi garini zilikuwa hatua kumi na nane. Alikuja kuzihesabu baadaye, mara nyingi. Alirudi akashusha kioo upana wa kidole, akafunga milango kwa ufunguo, akaingia. Alivua viatu. Alitia sahihi. Tessa, dada yake Emmett, aliyekuwa na miaka minne na maoni yake, alitoka na kiatu kimoja. Cha pili walikisaka chini ya kochi, nyuma ya pazia, mpaka kikapatikana ndani ya jiko la kuchezea, kinapikwa. Zilikwenda dakika nne.

Walipotoka, mwanamume alikuwa amesimama kando ya gari na simu mkononi. Deanne alimfahamu kama mji mzima ulivyomfahamu: Brock Tiedeman, wakala wa bima, ambaye picha yake ilikuwa imesimikwa kwenye nyasi za kila kona kwa sababu aligombea ujumbe wa bodi ya shule.

"Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Nimesimama hapa dakika nne. Nimetazama saa."

"Dakika nne zote hizo hukuweza kupiga hodi?"

"Kupiga hodi si kazi yangu," Brock alisema. "Kazi yangu kama raia ni kuhakikisha mtoto yuko salama."

"Basi umeshamlinda. Asante."

Alidhani amemjibu vizuri. Emmett alikuwa bado amelala, na Deanne akafurahi njia nzima kwa jambo hilo moja.

Jioni ile picha ilikuwa kwenye kundi la mji mtandaoni. Gari, namba za gari, na kiti cha mtoto kikionekana kupitia kioo. Mji wenyewe una watu elfu nne, na elfu moja kati yao walikuwa wameiona kabla Deanne hajaandaa chakula. Marlys, mama mkwe wake, alikuja na miwani ya kusomea ili asipitwe na neno, akakaa mezani akawa anasoma maoni ya watu kwenye simu kwa sauti.

"'Wengine hawafai hata kufuga mbwa.' Huyu ni mke wa mchungaji wa zamani. 'Alikuwa ndani anapiga soga.' 'Angepelekwa jela wiki moja angejifunza.' Huyu simjui. Huyu ni Darla wa posta, ameweka kikaragosi kinacholia."

"Inatosha, Marlys."

"Nakusomea ujue adui zako." Alishusha miwani. "Mimi nilikuwa namwacha Curt kwenye gari nje ya kanisa, nje ya benki, nje ya baa."

Curt, mume wa Deanne, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka ghala la nafaka, vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Msimu wa mavuno hawakumwona nyumbani kabla ya saa mbili. "Nje ya baa?" akauliza.

"Baba yako alikuwa ndani. Nani angeenda kumtoa?"

Curt aliisoma ile simu akiwa amesimama. Hakuwa mtu wa maneno, na hasira yake ilimtoka kwa kurudia swali moja. "Lakini kwa nini hukumbeba tu, Deanne? Kwa nini hukumbeba?"

"Lavonne aliniambia nimwache. Alikuwa anamwangalia dirishani."

"Basi aseme."

"Atasema. Nimempigia mara tatu, hajashika. Atakuwa anawaogesha wajukuu."

Lavonne hakusema siku ile, wala Ijumaa. Ijumaa Deanne alipomfuata Tessa, akiwa amembeba Emmett aliyekuwa akipiga kelele hadi kwa jirani wa nne, Lavonne alikuwa na haraka kuliko siku zote. Alimkabidhi mtoto huku akitazama daftari. Deanne alijiambia kwamba mama wa watu ana kazi nyingi, maana mtu aliyezoea kutendewa wema hukawia kushuku.

*

Jumatatu alikuja msichana wa idara ya watoto. Aliitwa Kendra Luebbe, hajafika hata miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kikohozi, na aliomba radhi kabla ya kila alichokifanya. Aliomba radhi akafungua jokofu. Aliomba radhi akafungua kabati la chini ya sinki, kisha kabati la dawa, kisha droo ya nguo za ndani za watoto. Chupa nne za bia za Curt alizitazama, akaandika. Ukutani aliona tundu ambalo Curt alikuwa ameahidi kuliziba tangu mwaka jana, akaandika. Deanne alimfuata chumba hadi chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni, akijikuta anaeleza vitu ambavyo havikuulizwa: hayo maziwa hayajaharibika, hiyo harufu ni ya siki ya kusafishia, huyo mtoto kitandani mwetu ni kwa sababu ya meno.

"Uliwahi kumwacha garini kabla ya siku hiyo?"

"Hapana. Labda kulipa mafuta. Nasema ukweli kwa sababu umeuliza."

Kendra akaandika. Deanne aliitazama ile kalamu akajua hapo hapo kwamba ukweli ule ungemgharimu.

"Siku hiyo mlezi aliniambia nimwache," akasema. "Lavonne. Alisema anamwona kutoka dirisha la jikoni. Muulize."

Kendra alikohoa, akatafuta ukurasa. "Tumeshazungumza naye. Anasema hakujua kama kuna mtoto garini mpaka alipoiona picha. Alipoiona tu, akachukua hatua aliyotakiwa kuchukua kisheria."

"Hatua gani?"

Msichana aliona haya, maana alikuwa ameteleza ulimi. Jina la mpiga simu ni siri. Lakini mlezi wa watoto akijua jambo la namna ile asipolitolea taarifa, leseni yake huondoka, na kila mtu mjini anajua hivyo. Hakukuwa na haja ya kutaja jina.

"Sasa nini?" Deanne aliuliza. "Mtoto wangu mtamchukua?"

"Hapana, hapana. Watoto wako wako vizuri, hilo naliandika. Ila kosa la kumwacha bila uangalizi likithibitika, jina linaingia kwenye daftari la jimbo la waliotelekeza watoto. Miaka mitano."

"Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee."

Kendra aliifunika kalamu yake. "Najua," akasema. "Mwajiri wako ataarifiwa. Ukiwa na shahidi yeyote kwamba mtoto alikuwa anaangaliwa, mambo yanabadilika kabisa. Mtu mzima mmoja tu. Nafunga faili Ijumaa."

*

Kesho yake Deanne alifika kwa Lavonne mapema, Emmett begani. Lavonne alimkuta mlangoni, akayaona macho yake, akamvuta jikoni. Juu ya meza palikuwa na sinia la viazi vya kuoka na jibini, limefunikwa vizuri.

"Nimekupikia," Lavonne alisema. "Upeleke nyumbani."

"Ni wewe uliyepiga simu idarani."

"Punguza sauti, watoto wamelala."

"Ulisema mwenyewe nimwache alale. Ulisema unamwona. Hili hapa dirisha, na gari langu lile pale."

Lavonne aliketi. Hakukana, na hilo likamuuma Deanne kuliko kama angekana. "Nilisema," akajibu. "Mungu ananisikia, nilisema. Halafu yule Brock akaandika pale mtandaoni, hii ni nyumba ya nani ya kulelea watoto, mwenyewe anajua? Deanne, nihesabie. Watoto walio ndani ya nyumba hii ni wangapi?"

Deanne hakuhitaji kuhesabu. Walikuwa wanane. Leseni ilikuwa ya watoto sita. Kila mzazi alijua na kila mzazi alinyamaza, kwa sababu hao wawili wa ziada ndio waliofanya Lavonne aweze kutoza nusu ya bei ya mjini Omaha. Siku za ukaguzi wawili hao walipelekwa kwa dada yake wakaoneshwe bata.

"Ningesema nilikwambia umwache, wangekuja kuniuliza kwa nini sikumtoa Tessa mwenyewe. Ningejibu nini? Kwamba nilikuwa na wanane peke yangu? Wangenifungia nyumba siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo ukanitoa kafara mimi."

"Nilidhani watakupa onyo. Watu hupewa onyo." Akaufuta mkono wake kwenye aproni ingawa haukuwa na kitu. "Nenda kawaambie ukitaka. Una haki. Ila wakinifungia, Tessa utampeleka wapi? Na mtoto wa Jolene? Na wale mapacha?"

Jolene alikuwa mwenzake Deanne kazini, mama asiye na mume, na zamu zao zilifanana. Mapacha walikuwa wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama. Lavonne alikuwa ameuma, na sasa alikuwa anapuliza, na pumzi yake ilikuwa ya joto na ya kweli. Deanne alitaka kumchukia moja kwa moja akashindwa, akamchukia kwa kushindwa huko.

Alipoondoka, lile sinia alilichukua. Nyumbani hakukuwa na chakula kingine.

*

"Wanane," Curt alisema usiku ule. "Unapiga simu, unasema wanane, basi. Wakija wakahesabu, hata mjinga ataona nani mwongo."

"Halafu?"

"Halafu unabaki na kazi yako."

"Tessa nitamwacha na nani niende hiyo kazi? Mama yako nyonga imekwisha, huyu mmoja tu anamshinda. Omaha wanataka kwa mwezi zaidi ya ninachopata kwa mwezi. Nimeshapiga hesabu, Curt. Nikisema sina mlezi, nisiposema sina kazi."

Curt alikuwa anakula viazi vya Lavonne na alijua ni vya nani, na njaa haikumruhusu kususa. "Angalau useme tu," akasema. "Mtu asikupake matope ukanyamaza."

"Na Jolene?"

"Jolene si mke wangu."

Alisema kwa kumpenda yeye, na Deanne alielewa hivyo. Lakini akilini alimwona Jolene akisimama kesho kutwa kwenye barabara ile na mtoto mkononi, saa kumi na mbili kasorobo, hana pa kumwacha, gari linaunguruma. Alijua kabisa Jolene angemwacha wapi.

Ijumaa saa nne Kendra alipiga simu. Deanne alikuwa kwenye ukumbi wa chakula, anamlisha uji Bi Ardith, bibi wa miaka tisini na mmoja ambaye kijiko cha mtu mwingine alikuwa anakitema. Watumishi wengine wawili hawakuja siku hiyo. Alikuwa peke yake na wazee ishirini na wawili, na hakuna raia yeyote aliyesimama dirishani na simu.

"Nafunga faili," Kendra alisema. "Kuna jambo lolote ungependa kuongeza? Chochote kuhusu mlezi?"

Alisubiri muda mrefu kuliko alivyopaswa. Msichana yule hakuwa mpumbavu. Kuna kitu alikinusa na alikuwa anamwachia mlango wazi. Deanne alimfuta Bi Ardith uji kidevuni. Akafikiria kumtaja Lavonne, na neno likafika hadi kwenye meno.

"Hapana," akasema. "Sina la kuongeza."

*

Barua ilifika baada ya siku tisa. Msimamizi wa nyumba ya wazee alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwomba kitambulisho chake cha shingoni na funguo. Hakuwa mtu mbaya. "Ungekuwa umechelewa, ningekutetea," alisema. "Ungekuwa umemjibu mtu vibaya, ningekutetea. Hili la daftari halina utetezi. Mtu akiwa mle haruhusiwi kumgusa mzee."

"Nimewaogesha hawa watu miaka sita."

"Najua, Deanne. Wewe ndiye bora niliye naye." Akakitia kile kitambulisho kwenye droo.

Alipewa mfuko wa plastiki wa vitu vyake. Bi Ardith alikuwa kwenye ukumbi anamwita kwa jina la binti yake aliyekufa zamani, na Jolene, ambaye sasa alikuwa na wazee wote hao peke yake, alipita mbio na mashuka akamwambia, "Shoga, nitakupigia," bila kusimama. Deanne alikuwa ameinunua amani ya Jolene kwa mshahara wake wote, na Jolene hakujua, wala hakuwa na nafasi ya kujua.

Kutoka hapo alikwenda kumfuata Tessa. Alimfungua Emmett kwenye kiti, akaamka, akalia, akambeba hivyo hivyo hadi mlangoni. Lavonne alikuwa amesuka nywele na amevaa blauzi safi. Vitu vya Tessa vilikuwa tayari kwenye begi, pamoja na blanketi lake la kulalia, ambalo halikuwa likirudi nyumbani siku za kazi.

"Nimesikia ya kazini," Lavonne alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Sasa, mwanangu, usichukulie vibaya. Wewe utakuwa nyumbani. Kuna mama mmoja amenisihi sana, anaanza kazi Jumatatu, hana pa kumwacha wake. Nafasi ya Tessa nimempa yeye."

Deanne alimhamishia Emmett bega la pili.

"Na nimejifunza, usidhani sijajifunza. Sitaki tena kuishi kwa wasiwasi. Naajiri msaidizi. Ukiwa na msaidizi jimbo linakuruhusu hadi kumi na wawili, tena kwa halali." Lavonne akamshika mkono, na macho yake yakalengwa na machozi ambayo hayakuwa ya uongo. "Ningekuchukua wewe, Mungu anajua. Hakuna anayejua watoto kama wewe. Lakini kwa lile jina daftarini, hairuhusiwi."

Emmett alikuwa analia sikioni mwa mama yake. Deanne alikuwa na maneno mengi, ameyapanga wiki nzima akiosha vyombo, na aliyatafuta yote akakuta hakuna linalofaa, kwa sababu alichokifanya alikifanya mwenyewe, kwa hiari, na hakuna aliyemwomba amfichie Lavonne siri. Alichukua begi, akamwambia Tessa avae viatu.

"Deanne," Lavonne alimwita alipofika ngazini. "Wakati ule walipokuuliza. Hukusema lolote?"

"Sikusema."

Lavonne alikunja mikono kifuani akatikisa kichwa. Halafu akaongea.

Siku hiyo ghala lilisimama mapema kwa sababu ya mvua, na Curt alifika nyumbani bado kuna mwanga. Aliliona begi na blanketi mezani akaelewa nusu ya mambo. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kuvua buti.

"Umemwona Lavonne?"

"Nimemwona."

"Amesema nini?"

Deanne alikuwa amempa mgongo, anamenya viazi, na Emmett alikuwa amelala hatimaye kwenye kiti chake cha gari, kilichowekwa katikati ya sakafu ya jikoni.

"Amesema asante," akajibu.